Shuka Tu Utafika

Saad bin Maulidi alishuka stendi ya Tukuyu saa tatu asubuhi, siku ya Ijumaa, akautazama mji akasonya. Mji gani huu? Migomba na mvua, mvua na migomba. Kwao Pangani hata banda la mbuzi lilikuwa na haiba kuliko hapa.

Alikuja kumwoza dada yake. Marehemu baba yao, kabla hajakata roho, alimshika mkono akamwambia, "Shamsia umwoze wewe, kwa mkono wako." Kwa usia huo Saad alisafiri siku tatu, koti jipya jeupe limekunjwa kwapani. Barua ya Shamsia ilieleza yote: ndoa ni baada ya sala ya Ijumaa, nyumbani kwa bwana harusi, Fundi Rajabu, Makandana. Ukishuka stendi, kaka, muulize mtu yeyote.

Aulize? Saad wa Pangani awaulize njia wapanda migomba? Yeye miji alikuwa anaijua. Mji hauulizwi, mji unashukwa: fuata mteremko utafika majini, na majini ndipo penye msikiti, soko na watu wa maana. Basi akavaa koti lake, akashuka.

Jamani, Tukuyu imekaa juu ya kilima. Boma juu, soko juu, na ukishuka unauacha mji nyuma yako. Hilo angeambiwa bure, lau angefungua mdomo.

Akapita mtaa wa Bulyaga kifua mbele. Lazaro, muuzaji wa duka la ushirika, akamwita kutoka mlangoni, "Ndugu, unatafuta wapi?" Ndugu! Azimio la Arusha limetangazwa juzijuzi tu, na tayari kila mwenye matope miguuni amekuwa ndugu yake. "Najua niendako," Saad akajibu bila kusimama.

Mbele kidogo akakutana na bibi mmoja, Ikupa, anapanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani. "Ndaga, mwanangu. Umeamkaje?" Huku watu husalimiana kwanza, mengine yote hufuata. Saad akampita kama kisiki.

Maduka yakaisha, nyumba zikaisha, njia ikawa utelezi mtupu. Akazunguka mashamba, akarudi alikopita, akashuka tena. Maji aliyafikia kweli: kijito cha kuruka kwa hatua moja, na ng'ombe wawili wanakunywa. Hapo ndipo adhana ikamfikia kwa mbali, kutoka juu, nyuma yake.

Mkono wa baba ukamrudia kiganjani. Akaogopa. Akapanda mbio, akateleza, akaanguka kifudifudi, koti likawa jeusi. Alipanda na kupotea, akapanda tena, mpaka akamwona yule bibi anateremka, kichwani hana kitu.

"Ndaga, mwanangu," akasema Ikupa, vilevile kama asubuhi.

"Shikamoo, bibi," Saad akasema. Ilikuwa salamu yake ya kwanza siku hiyo. "Kwa Fundi Rajabu ni wapi?"

"Kwa Rajabu? Ule mkungu si nilikuwa napeleka huko huko." Bibi wa watu akageuka, akakipanda kile kilima mara ya pili, polepole, Saad nyuma yake.

Walifika sufuria za pilau zinasuguliwa. Shamsia alitoka na hina mikononi, akamtazama kaka yake toka kofia hadi viatu.

"Tumekusubiri mpaka alasiri," akasema. "Sheikh akasimama badala yako. Kaka, ulipotea?"

Wageni wote wakageuka. Lazaro wa duka la ushirika naye alikuwepo, sahani mkononi. Neno moja tu lilitakiwa, na Shamsia alikuwa analingoja kwa macho.

"Mimi?" Saad akasema. "Mimi nipotee Tukuyu?"



"Basi kama hukupotea," Shamsia akasema, "hukutaka kuniozesha."

Akaingia ndani kwa mumewe. Ikupa akamsogezea Saad kigoda, na mtu akamletea ukoko uliobaki.