Mahali Alipoificha Rota

Sabato ile mke wangu Bonareri alipoanguka, Landrova yetu ilikuwa imesimama mahali pake, kati ya jiko na boma la ng'ombe, na tangi lilikuwa limejaa. Nataja petroli kwa sababu watu waliniuliza baadaye. Petroli ilikuwepo. Betri ilikuwa mpya. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Ilikuwa Aprili na mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Sisi tunakaa ndani ya Uriri, kilomita sita kutoka kwenye lami, na udongo wetu ni ule mweusi ambao ukiloa, bodaboda haisogei. Ndiyo maana nilinunua Landrova kuukuu ya petroli badala ya pikapu nzuri. Mlango mmoja ulifungwa kwa waya na viti vilikuwa vimechanika, lakini ilipita mahali ambapo magari mengine yaliachwa mpaka jua liwake. Kila Jumatatu na Alhamisi nilienda nayo Sindo kuchukua omena, wale dagaa wa ziwani, na Bonareri aliziuza sokoni Uriri. Gari hilo ndilo lililomsomesha binti yetu Irine mpaka akawa mwalimu, na sasa anafundisha hukohuko Sindo.

Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, pikapu ya Mosoti iliibwa. Mosoti ni mzee wa kanisa letu, na pikapu yake iliibwa mchana, saa tano ya Sabato, sisi sote tukiwa tumekaa kanisani kwenye lesoni, somo la Biblia la asubuhi. Watu wa sokoni waliiona ikipita kwenda upande wa Isebania, mpakani, na hawakupiga kelele, kwa sababu walidhani ni mwenyewe.

"Tulikusengenya, mzee," mama mmoja wa mboga alimwambia. "Tulisema leo Mosoti ameacha imani, anaendesha gari Sabato."

"Mngenifuata mnihubirie," Mosoti akajibu. "Mngelipata gari."

Watu walicheka, naye akacheka kidogo. Gari halikuonekana tena. Likishavuka mpaka, ni kuomba Mungu tu.

Jumapili yake nilimwita Werema, fundi Mkuria mwenye gereji pale Uriri. Alifungua boneti, akafungua distribyuta, akachomoa kipande kidogo cha plastiki nyeusi chenye ulimi wa shaba juu yake. Kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba changu.

"Hii inaitwa rota," alisema. "Hii ndiyo inagawia plagi moto. Ukitoa hii jioni, hata mimi siwezi kuiba hii gari. Na mimi nikiamua kuiba, naiba vizuri."

Bonareri alikuwa amesimama mlangoni pa jiko akipepeta wimbi. Aliuliza, "Na wakimshika Baba Irine wakamwekea panga shingoni?"

"Atawapa," Werema akasema.

"Atawapa kabla hawajamaliza kuuliza. Huyu akichomwa na mwiba anaita watu watatu."

"Mama Irine," nikamwambia, "usiniaibishe mbele ya fundi."

"Fundi anakujua. Sasa sikiliza. Wewe utaichomoa, mimi nitaificha. Usiniulize iko wapi. Mtu hawezi kusema asichokijua."

"Na wakikushika wewe?"

"Mimi ni mwanamke wa jikoni. Nani ataniuliza mambo ya injini?"

Tukafanya hivyo. Kila jioni nilichomoa rota, nikaiweka kiganjani mwake na kumpa mgongo mpaka niliposikia amemaliza. Asubuhi aliniletea pamoja na chai, imelazwa kwenye kisahani kando ya kikombe. Siku nyingine ilikuwa na vumbi la unga. Siku moja ilikuwa na unyoya wa kuku, na nilipoutazama alisema, "Kunywa chai yako." Siku gari lisipotoka, akienda shambani au sokoni aliifunga kwenye pindo la leso. Hilo nililijua kwa sababu leso zake zote zilikuwa na alama ya grisi mahali palepale. Ijumaa jua likizama aliipokea, na ilikaa kwake mpaka Sabato iishe. Sikuuliza hata mara moja. Kusema kweli nilifurahia kutouliza. Tulikuwa tumeoana miaka ishirini na saba, na hilo lilikuwa jambo jipya kati yetu.

Sabato hiyo, kabla ya saa mbili asubuhi, alikuwa ameshavaa gauni lake la kanisani, la buluu lenye kola nyeupe. Nilikuwa nje nikipiga viatu rangi. Nilisikia kitana kikianguka, halafu yeye. Nilipoingia, mdomo wake ulikuwa umeenda upande mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kama si wake. Alijaribu kuniambia kitu, na iliyotoka ilikuwa sauti bila neno.

Nilimwita jirani yetu Edith. Yeye ni Mkatoliki, kwa hiyo Jumamosi huwa nyumbani. Alimtazama mara moja tu.

"Hii ni kiharusi," alisema. "Mamangu alienda hivi. Washa gari sasa hivi, ukikawia tutampoteza."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mama Irine, rota iko wapi?"

Aliniangalia. Alinielewa, hilo nina hakika nalo. Mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa bado na nguvu, ulishika gauni pale kwenye nyonga na kuanza kulivuta juu. Edith akalishusha. Akalivuta tena, na goti likaonekana. Wakati huo wanaume wawili wa jirani walikuwa wameshaingia chumbani.

"Tulia, min Irine," Edith akamwambia polepole, akimwita mama Irine kwa Kijaluo. "Umefunikwa. Hakuna mtu anakuona."

Alivuta mara ya tatu. Mimi nilikuwa tayari nimesimama nikitazama rafu. Nilisema, "Mshike mkono, Edith. Asijiaibishe mbele ya watu."

Edith akamshika mkono, akaubana kwenye kifua chake.

Nilianza na leso zilizotundikwa kwenye msumari. Niliangalia pindo za zote. Sabato hakuvaa leso, kwa hiyo nilifikiri rota iko ndani ya nyumba. Nilimwaga mkoba wake. Nilifungua mfuko wa Biblia yake. Nilimwaga unga wa mahindi sakafuni, halafu wimbi, halafu gunia la omena. Niliinua kuku aliyekuwa akiatamia, nikavunja mayai mawili. Yeye mwenyewe sikumpekua. Mtu hampekui mke wake aliyelazwa mbele ya majirani, na mimi sikuwaza hilo hata kidogo.

Nilimpigia Werema simu, akafika kwa miguu, matope mpaka magotini. Alijaribu rota ya gari lingine, haikukaa. Alimpigia mwenye duka la spea Migori, akaambiwa za Landrova ya zamani hiyo huagizwa.

"Si uiwashe tu kwa waya," mmoja wa wale majirani akamwambia. "Mafundi si ndio wezi?"

Werema hakucheka. "Nilimwambia huyu hata mimi siwezi," alisema. "Siwezi."

Mwishowe Edith alimkumbuka Bonface, kijana anayeendesha trekta la miwa. Alikuja saa tano kasoro robo na trela lake, bado lina majani ya miwa. Tulitandika godoro. Edith alikaa na kichwa cha Bonareri mapajani, mimi nikakaa miguuni. Trekta halina haraka. Kila shimo lilimtikisa, na kila alipotikisika nilisema samahani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeacha kuvuta.

Tulifika hospitali mjini Migori saa saba. Daktari kijana aliuliza ilianza saa ngapi. Nilimwambia kabla ya saa mbili. Akaandika, akatazama saa ya ukutani. Walifanya waliyoweza. Alifariki saa kumi na mbili kasoro, Sabato ikiwa bado haijaisha.

Muuguzi alinipa nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Sikuweza kuufungua. Irine alifika kutoka Sindo kesho yake asubuhi, akauchukua kwenye mapaja yangu, akazitoa nguo moja moja na kuzikunja, kama mama yake alivyomfundisha. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya mochari.

Aliposhika petikoti aliipapasa mara mbili. "Baba, hapa kuna kitu."

Ndani, upande wa nyonga ya kushoto, Bonareri alikuwa ameshona mfuko mdogo kwa uzi mweupe, na kuufunga kwa pini. Irine alitoa pini. Rota ilikuwa imezungushiwa karatasi ya plastiki ili grisi isiharibu gauni la kanisani.

"Si hii ni ya gari?"

"Ni ya gari."

"Alikuwa nayo?"

Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu mkono, na gauni, na mara tatu.

"Alikuwa anakuonyesha," Irine akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilimwambia Edith amshike mkono."

Irine alimaliza kukunja petikoti. Akaiweka juu ya nguo nyingine, akafunga mfuko, akaondoka kwenda kununua sabuni na mafuta ya kumwosha mama yake. Aliniuliza mambo ya jeneza na ya wageni, nikamjibu. Zaidi ya hayo hatukuzungumza mpaka siku ya mazishi.

Siku hiyo Werema alifungua distribyuta, akairudisha rota mahali pake na kufuta mikono. Hakuniuliza ilipatikana wapi. Niligeuza ufunguo. Landrova iliwaka papo hapo. Wanaume waliokuwa wakisubiri walitazama chini. Nilimleta Bonareri nyumbani kutoka mochari kwa gari hilo, kwa njia ileile, na hatukukwama popote. Irine alikaa mbele pamoja nami. Tulipokata kona ya kuingia nyumbani aliweka mkono wake juu ya wangu, kwenye gia, akauacha hapo mpaka nikazima injini.

Baada ya wageni kuondoka, Edith alikuja kunisaidia kuosha sufuria. Aliuliza akiwa amenipa mgongo.

"Ile kitu mlipata wapi mwishowe?"

"Kwenye wimbi," nikamwambia. "Chini kabisa ya gunia."

"Na si ulimwaga wimbi yote?"

"Sikuangalia vizuri."

Alisugua sufuria kwa muda. "Ulikuwa umechanganyikiwa," alisema. "Usijilaumu, Baba Irine. Hata mimi nilichanganyikiwa."

Ni mimi na Irine tu tunaojua. Petikoti iko kwake Sindo, kwenye sanduku lake. Nikienda kuchukua omena hunipikia chakula cha mchana. Mara moja aliniuliza kama mama yake alikasirika, mwishoni, nilipomwambia Edith amshike. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, kwa sababu nilikuwa nimeangalia rafu.

Nimeshaifundisha mikono yangu kuacha kufungua boneti jioni. Ilichukua miezi. Rota inakaa ndani ya distribyuta usiku na mchana, na ufunguo uko kwenye msumari nyuma ya mlango. Edith anaujua msumari huo. Werema anaujua, na Bonface pia, na akina mama wa mstari wa omena sokoni. Mosoti ameniambia mara mbili kwamba gari hili litaibwa, nami nimemwambia huenda ni kweli. Mwezi wa nane Bonface alikuja akalichukua bila kuniuliza, akampeleka mke wake kujifungua, akalirudisha limejaa matope.

Sabato naliacha gari hapo, kati ya jiko na boma la ng'ombe, likiwa tayari kuwaka, na mimi naenda kanisani kwa miguu.