Lugha ya Marehemu

Jumatatu baada ya mazishi, baba yake Kitinda alirudi kazini. Mashine ya mlangoni ilikikataa kidole chake, mlinzi akamfungulia kwa mkono, wakasalimiana. Akaketi mezani pake na kuwasha kompyuta, udongo ukimdondoka viatuni. Mfagizi alinung'unika kwamba ndiyo kwanza amalize kupiga deki.

Kampuni ilitunza mfumo wa kompyuta wa hospitali, ule unaopanga mgonjwa gani apewe dawa gani na kwa kipimo gani. Mzee aliuandika ujanani, kwa lugha ya programu ambayo siku hizi haifundishwi popote. Wengine ofisini walijua lugha mpya tu. Kitinda, bintiye wa mwisho, alikuwa mmoja wao.

Jioni mama yake alimwita jikoni.

"Mume wangu nimemzika. Mbona bado wanamtumia?"

"Hakuna mwingine anayeijua lugha ile, mama."

"Basi ijue wewe, mwanangu. Baba yako apumzike."

Wenzake walimwonya. Lugha ile haimpi mtu ajira, walisema, soko linataka nyingine. Kuihangaikia ni kutwanga maji. Kitinda alivuta kiti kando ya baba yake hata hivyo. Mzee alifundisha kama alivyofundisha akiwa hai, kwa kuguna. Binti akikosea, aligonga meza kwa ukucha. Lugha yenyewe ilikuwa kavu, haisamehe nukta iliyosahauliwa, lakini polepole ikamkaa kichwani. Siku aliporekebisha peke yake kosa kwenye vipimo vya dawa za watoto, Mzee alimtazama sana, kisha akamgusa bega. Mkono ulikuwa baridi.

"Haya, binti yangu. Nimeshusha mzigo."

Akazima kompyuta, akavaa koti.

Bosi alimkuta mlangoni. "Mzee, wapi tena?"

"Kupumzika. Binti ameshaijua kazi."

Bosi alifikiri kidogo. "Binti anakula, anaugua, anaomba likizo. Wewe umeshavuka hayo yote. Rudi ukae, Mzee wangu."

"Bosi," Kitinda akasema, "baba alishafariki."

"Najua. Si nilichangia jeneza?"

Mzee hakuwahi kubishana na wakubwa alipokuwa hai, na kifo hakikumbadilisha tabia. Alivua koti, akakaa. Akawasha tena kompyuta. Vitufe vikaanza kulia. Bosi akamwambia Kitinda aanze kujifunza lugha mpya wiki ijayo, ile ambayo wateja wanaiulizia.

Nyumbani, mama alikuwa akimenya vitunguu.

"Amelala?"

"Yuko kazini."

Mama aliendelea kumenya. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta, maana vitunguu vilikuwa vingi.

"Na wewe wamekupa lugha gani?"

Kitinda akaitaja.

"Jifunze, upate kula," mama akasema. "Lakini usiijue sana."