Mkojo wa Keinan

Ilwad, muuguzi wa zahanati ya Rhamu, aliinua chupa ya mkojo wa kaka yake kwenye mwanga. Mililita arobaini tangu alfajiri, rangi ya chai ya rangi.

Miezi minne nyuma, mwanzoni mwa 1998, Keinan alikuwa amewekewa pampu ya moyo Ujerumani. Alirudi bila ruhusa ya madaktari ili amzike mama yao. Pampu ilikaa tumboni. Waya wake ulitokeza chini ya mbavu za kulia na kuishia kwenye betri kiunoni. Barua ya hospitali ilieleza hatari: pampu huweza kusaga chembe nyekundu za damu, na mabaki yake yakaharibu figo. Tena husaidia upande wa kushoto wa moyo peke yake. Wa kulia ukilemewa, ini huvimba. Mkojo ukiwa kahawia, mgonjwa asafirishwe siku hiyohiyo.

Ilwad alikwenda kituo cha polisi kuomba ndege kwa redio. Aliporudi, alikuta jiko la makaa mlangoni na chuma ndani yake, chekundu. Shangazi yao Safiyo alikuwa amemchora Keinan alama tatu za majivu juu ya ini, mahali pa kumchoma ili apone. Ya tatu ilikuwa kwenye waya.

"Eeddo! Shangazi, weka chini!"

"Macho yake ni ya manjano. Nimechoma wangapi wakapona? Hata wewe nilikuchoma, ukalia kama mbuzi."

"Hapo pana waya. Ukikatika, anakufa."

"Basi mkononi."

"Anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda. Jeraha halitafunga."

Ilwad alichukua kiganja cha shangazi akakiweka tumboni kwa Keinan. Tak. Tak. Safiyo aliuondoa mkono haraka, kisha akatumbukiza chuma kwenye ndoo.

"Wewe una nini badala yake?"

"Ndege. Saa tisa."

"Abaayo, dada yangu," Keinan alisema, midomo imekauka, "mpaka saa tisa nitakojoa?"

Ilwad alibadilisha betri.

Saa sita, mililita tano. Saa nane, hakuna kitu. Miguu ilikuwa imevimba, na Keinan alianza kumwita mama yao aliyezikwa.

Safiyo alitega sikio tumboni mwake. "Mbona hiki kinapiga vizuri, na yeye anakwenda?"

"Kinasukuma damu tu, Eeddo. Hakisafishi."

Ilwad alitoka nje kusikiliza mlio wa ndege angani. Nyuma yake, ndani, pampu ilipiga bila kukosa.