Waya Unaoleta Picha na Sauti

Jumamosi ya kutimiza mwaka tangu bintiye Yaniris azikwe, runinga mpya ilifika kwa Bi Ercilia saa nane mchana, imefungwa kamba nyuma ya pikipiki. Aliyeileta ni Librado, baba wa ubatizo wa marehemu na msimamizi wa kiwanda cha suruali alikofia binti huyo. Kiwanda kilisema moto ulianzia ghalani, mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na wasichana kumi na wanne, Yaniris akiwemo, walizidiwa na moshi kabla hawajaufikia. Librado aliapa hivyo mbele ya polisi, kisha mbele ya padri. Bi Ercilia alimwamini. Mtu aliyemshika mwanao akimwagiwa maji ya ubatizo, utaanzaje kumwita muongo?

Kwa imani hiyohiyo alikubali Keila, mdogo wake Yaniris, aanze kazi kiwandani humo Jumatatu iliyofuata. Nafasi alitafutiwa na Librado.

"Inchi arobaini na mbili hizo, dada Ercilia," Librado alisema, akipapasa boksi. "Zawadi ya kumkumbuka binti yetu."

Mtaa wa Los Cocuyos haukuwa na umeme tangu asubuhi, kwa hiyo walisali kwanza. Bi Tomasina, msalishaji, alipiga rozari mbio mbio kwa sababu tangawizi ilikuwa inapoa. Saa tisa na robo mtaa mzima ukapiga kelele, "Umeme huoo!" na Fundi Fausto, mtengeneza redio wa pale kona, akaingia na mfuko wake wa nyaya bila kuitwa.

Kilichotakiwa ni kidogo tu. Bi Ercilia alikuwa na diski moja, iliyorekodiwa na mfanyakazi mwenza wa Yaniris siku binti alipotimiza miaka ishirini, mle mle kiwandani, wakati wa chakula cha mchana. Mwezi ule mama aligundua kwamba hakumbuki tena kidoti cha mwanawe kilikuwa shavu la kulia au la kushoto. Jambo hilo lilimtisha kuliko kaburi. Alitaka kuuona ule uso, basi.

Fausto alichomeka waya wa njano kwanza, kutoka kwenye deki hadi kwenye runinga. Nyaya mbili za sauti zilizoambatana nao zilishatafunwa na panya.

"Huu wa njano unabeba picha nzima peke yake," alieleza. "Ni kama ukumbi wa harusi wenye mlango mmoja. Watu watatoka, ila watatoka wamekunjamana."

Yaniris akatokea, ameinamia keki ya waridi. Hakuwa na pua.

"Huyo ni mwanangu au ni uji?" Bi Ercilia aliuliza.

"Kwenye ile runinga yenu ndogo ya zamani alikuwa na pua," alisema Bi Tomasina. "Librado, umetuletea dirisha kubwa la kuonea ukungu."

"Anaonekana," Librado alijibu. "Inatosha."

Haikutosha. Fausto akatoa nyaya tatu, kijani, bluu na nyekundu, akasema hizi zinagawana picha, kila mmoja na mzigo wake. Alipomaliza kuzichomeka, uso ukakaa sawa.

"Kushoto!" Bi Ercilia alilia. "Jamani, ni kushoto!"

Nyuma ya keki kukaonekana na ukuta, na kwenye ukuta mlango wa chuma, ule wa nyuma ya kiwanda. Na Yaniris, aliyekuwa ameinamia keki ileile mwaka mzima, aliweka kisu chini, akageuka, akawatazama waliokuwa sebuleni mmoja mmoja, kama mtu aliyerudi kutoka kazini akakuta wageni. Bi Tomasina aliondoa chombo cha maua kilichokuwa kinamziba. Midomo ya msichana ilikuwa inacheza, lakini sauti hakuna.

"Anaomba baraka," Keila alisema.

Bila shaka alikuwa anaomba baraka. Kwetu mtoto haingii mahali penye wakubwa bila kuiomba, hata awe na ndevu, na mkubwa haruhusiwi kuipitisha bila kujibu. Tena baba wa ubatizo ndiye kabisa. Hata mlevi aliyelala mtaroni akiombwa baraka na mwana wake wa ubatizo huinua kichwa akajibu, ndipo alale tena.

"Sauti iko wapi, Fausto?" Bi Ercilia aliuliza.

"Hizi ni za picha tupu, mama. Sauti ina nyaya zake, na zenu wamezila panya." Alisita, kisha akatoa mfukoni mwake soksi, na ndani ya soksi waya mmoja mweusi wenye kichwa bapa. "Nina huu wa HDMI, dada yangu kanitumia kutoka New York. Huu unaleta picha na sauti kwa pamoja, na haupotezi kitu njiani. Hakuna unaoushinda."

Librado akasimama. "Waya za namna hiyo zinaunguza runinga."

"Haziunguzi, Bwana Librado."

"Nasema inatosha! Marehemu hasumbuliwi."

"Marehemu keshakuona, Librado," alisema Bi Tomasina. "Kaa unywe tangawizi yako."

Akakaa. Fausto akachomeka. Sasa kila kitu kilionekana: uzi kwenye bega la Yaniris, jasho juu ya mdomo, na kwenye ule mlango wa chuma mnyororo uliozungushwa mara mbili na kufuli kubwa kama ngumi.

"Mama, naomba baraka."

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Bi Tomasina, naomba baraka."

"Mungu akubariki, akupe na pumziko."

"Keila, mbona umekonda?" Kisha macho yakahamia kwenye kiti cha pembeni. "Baba Librado, naomba baraka."

Librado alitazama kikombe chake. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Mungu akubariki, binti yangu."

"Amina. Naomba na ufunguo."

Hapo ndipo watu waliposhtuka. Bi Ercilia aliutazama ule mnyororo, akamtazama Librado. Mlango ulikuwa wazi! Mwaka mzima walikuwa wameambiwa mlango ulikuwa wazi.

Msichana hakuwa na hasira. Aliomba tena, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Mkono wa Librado ukaenda kiunoni, kwenye funguo, na kila mtu akauona ukienda.

"Ilikuwa amri ya ofisi kuu, Santo Domingo," alisema. "Watu walikuwa wanaiba. Mnajua wenyewe, mtu anatoka amevaa suruali tatu, moja juu ya nyingine."

"Wasichana kumi na wanne, Librado," alisema Bi Ercilia.

"Ni amri, dada."

"Mpe huo ufunguo."

"Nimpeje? Yumo ndani ya kioo!"

"Mpe, we mwanaharamu!"

Akauchomoa kwenye pete, akausogeza kwenye kioo. Yaniris alinyoosha mkono upande wa pili. Ufunguo uligonga kioo, ukagonga tena, na kioo kilikuwa kioo. Msichana aliendelea kunyoosha mkono kwa adabu mpaka saa kumi na moja, umeme ulipokatika.

Jumapili alikuja askari. Alitazama yote, akaombwa na Yaniris baraka, akaitoa. Kisha akaandika kwamba diski ilirekodiwa miezi minne kabla ya moto, kwa hiyo marehemu hakuwa na sababu ya kuomba ufunguo siku hiyo. Alimshauri Bi Ercilia arudie waya wa njano, unaotuliza moyo.

"Huendi," Bi Ercilia alimwambia Keila usiku ule.

Keila alikuwa anapiga pasi sare. "Nisipoenda tutakula nini, Mama? Runinga?"

Mama akaishika sare upande wa pili, akamnyooshea. Wengine wote waliokuwa sebuleni Jumamosi na wenye kazi kiwandani, nao walikuwa wanapiga pasi.

Jumatatu saa moja asubuhi watu mia mbili na kitu waliingia kiwandani. Librado alihesabu vichwa, akafunga mlango wa mbele, akaenda nyuma akazungusha mnyororo mara mbili.

Nyumbani umeme ulikuwepo. Bi Ercilia aliwasha runinga, kwa waya ule mzuri, akatoa baraka alipoombwa.

"Keila yuko wapi?" Yaniris aliuliza.

"Ameenda kazini."

Yaniris aliitikia kwa kichwa. Akakishika kiti chake, akakisogeza pembeni kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake.