Vibati vya Rejeta ya Mzee Koguchi

Mzee Koguchi alipokuja kuomba radhi, alikuja na beseni la matango.

Alisimama kizingitini kwa Momose, kofia mkononi, kiganja cha kulia kimefungwa bendeji, akainama mpaka Momose akauona utosi wake.

"Jirani, nimekuja kukuomba msamaha. Nilikuazima gari bovu. Lingeweza kuchemsha na bibi harusi yumo ndani."

"Mzee, tafadhali, inuka. Halikutusumbua hata kidogo."

"Hiyo ni bahati yenu, si kazi yangu," alisema mzee. Akaacha beseni, akavuka barabara kurudi kwake polepole.

Fusae, mke wa Momose, aliyakatakata matango, akayatia chumvi, akamwekea mumewe mezani. "Wewe ndiye uliyeazima, na yeye ndiye analeta zawadi," alisema. "Mbona huli? Yana miba?"

"Nitakula."

"Toka sikukuu ya wafu umekaa kama figili kwenye pipa la chumvi. Sema basi, kama umeniolea mke mwenzangu nimwandalie chumba."

Momose alitabasamu kidogo, akatafuna tango moja. Akasukuma sahani kando.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, rangi ya maziwa, la mwaka ule Tokyo ilipoandaa Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mzee Koguchi alilinunua akiwa kijana kiwandani, akalitunza kwa mikono yake mwenyewe, na pale Okaya hakuna aliyekumbuka kuliona njiani limekufa. Momose alipoozesha bintiye, mzee alimpa ufunguo kabla hajamaliza kuomba. Bibi harusi alipelekwa hekaluni ndani yake, na mama zake wadogo wakalia barabara nzima.

Sasa, kitu cha mtu hurudishwa kikiwa kisafi kuliko kilivyotoka. Momose alijaza tangi, akanunua tikiti zuri la kufungwa kwa utepe, kisha akalipeleka gari kwenye mashine ya kuoshea magari inayoendeshwa kwa sarafu. Alipoinama mbele aliona wadudu wa milimani wamegandamana kwenye rejeta, nyuma ya nyavu za chuma. Mtu mwingine angewaacha. Momose aliona aibu kurudisha gari la watu na mizoga. Akausogeza mdomo wa bomba karibu kabisa, akaachia maji kwa nguvu zote za mashine.

Wadudu waliondoka. Alipopitisha kidole kuhakikisha, alihisi vile vibati vyembamba vya rejeta vimelala ubavu, kimoja juu ya kingine, kama mpunga uliopigwa na tufani. Alisita. Kisha akajiambia kwamba maji hayapiti kwenye vibati, yanapita kwenye mirija, na mirija ilikuwa mizima. Alifuta gari, akalirudisha. Mzee Koguchi alilizunguka, akasema linang'aa kuliko siku alipolinunua.

Wiki ya sikukuu ya wafu mzee aliondoka kwenda kusafisha kaburi la mkewe, ng'ambo ya mlima. Katikati ya mpando wa Wada mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho. Injini ilichemsha. Mzee, ambaye maisha yake yote aliwaonya watu wasifungue rejeta ya moto, safari hii alibabaika akafungua mfuniko, na mvuke ukambabua kiganja. Kaburi la mkewe halikufagiliwa mwaka ule.

Momose aliposikia neno "limechemsha", kidole chake kilikumbuka kabla ya kichwa. Ni upepo unaopoza maji, na upepo hupita kati ya vibati. Vikilala, unagonga ukuta. Kwenye tambarare ya kutoka mashineni mpaka nyumbani gari lisingeonyesha kitu. Kwenye mlima, gia ya pili, jua la Agosti, lingeonyesha.

Angeweza kusema siku ile ile. Badala yake alimsikia mzee kutoka ng'ambo ya barabara akifungua kila kitu kimoja kimoja: pampu ya maji, mkanda wa feni, themostati, mipira ya maji. Vyote vizima. Mbele ya rejeta hakugusa, maana sehemu ile huisafisha mwenyewe kwa brashi laini ya rangi na hakuwa na sababu ya kuishuku, na macho yake yenye mtoto wa jicho hayakuona kilichokuwa nyuma ya nyavu. Alipomaliza vyote, kilibaki kimoja tu cha kushuku: kichwa chake.

Kiyomi, bintiye mzee, ambaye tangu utotoni alimwita jirani yao mjomba, alikuja kutoka Nagoya. Alimkuta Momose akimwagilia maua.

"Mjomba, baba alisahau kujaza maji, sivyo?"

"Eeh," alisema Momose. "Eeh... umri nao."

Kwao "eeh" si ushahidi. Ni adabu tu, mtu aonyeshe kwamba anasikiliza. Lakini jioni ile alimsikia Kiyomi akisema dirishani, "Hata mjomba Momose ameona, baba." Ikapangwa kwamba Ijumaa mzee apelekwe polisi kurudisha leseni, kama wazee wengine walivyofanya, na gari litafutiwe mtu wa kulinunua.

Asubuhi ya Ijumaa Momose alibeba beseni kulirudisha. Beseni halirudi tupu, kwa hiyo Fusae alilijaza pichi. Mzee hakuwa mlangoni. Momose aliita, akaingia mpaka jikoni.

Kwenye swichi ya jiko la gesi kulikuwa na uzi mwekundu umefungwa. Kwenye birika, uzi. Kwenye bomba la maji, uzi.

"Unashangaa?" Mzee Koguchi alitokea nyuma yake. "Nikizima nagusa uzi, ndipo najua nimezima. Siku hizi sijiamini. Usiku naamka nagusa tena." Alicheka kidogo. "Nimejifunga mwenyewe kama kifurushi cha posta."

Momose aliweka beseni chini. Alipiga magoti pale pale jikoni, mikono sakafuni.

"Mzee, hukusahau maji. Ni mimi. Niliosha rejeta kwa bomba la presha, nikalaza vibati. Nilivihisi kwa kidole. Nilinyamaza."

Birika lilianza kutoa mvuke. Mzee alilizima, akaugusa uzi, akatoka nje. Momose alimfuata.

"Nionyeshe," alisema mzee mbele ya gari. Momose alimshika kidole, akakipitisha kati ya nyavu. Mzee alipapasa juu, akapapasa chini, muda mrefu.

"Kwa nini ulisogeza bomba karibu hivyo?"

"Niliona haya kukurudishia wadudu."

"Wadudu," alisema mzee. "Nami nikakuletea matango."

Aliingia ndani, akarudi na kijiti cha mianzi cha kuchomea mishikaki na kigoda kimoja. Kijiti alimpa Momose. Kigoda alikalia mwenyewe.

"Macho yangu hayafai kwa kazi hii. Vinyooshe. Usiharakishe, vitakatika."

Momose alilegeza nyavu, akaanza. Kibati kimoja, kisha cha pili yake. Mgongo ulikuwa umeanza kumuuma Kiyomi alipofika na gari lake, amevaa nguo za ofisini.

"Mjomba? Baba, tunachelewa."

Momose alimtazama mzee, akitumaini atasema yeye.

"Uliitikia mbele yake," alisema Mzee Koguchi taratibu. "Sema mbele yake."

Momose alisimama, kijiti mkononi, akasema yote, na ile "eeh" pia. Kiyomi alimsikiliza bila kuitikia hata mara moja.

"Kwa hiyo maji yalikuwemo," alisema mwishowe.

"Yalijaa," alisema baba yake. "Leseni nitairudisha. Lakini siku hiyo nitaichagua mimi. Haitachaguliwa na rejeta."

Kiyomi alikaa kwenye ngazi akavua viatu; safari ya polisi ikaishia hapo. Hakumtazama Momose tena.

Mchana wote Momose alinyoosha vibati. Jua lilipoanza kushuka waliwasha injini, wakauangalia mshale. Ulipanda, ukafika katikati, ukatulia. Mzee alisimama akakata uzi mwekundu aliokuwa ameufunga kwenye mfuniko wa rejeta, akautia mfukoni.

Momose alipoingia jikoni kuliinua beseni la pichi kutoka sakafuni, birika lilikuwa motoni tena. Uzi wa gesi ulikuwa pale pale. Nyuma yake mzee aliingia, akazima, akaugusa, kisha akaugusa tena.