Sababu za Zuleha Kuondoka

Saa mbili asubuhi Metroni Immakulata alipitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha la wodi ya wazazi, akakiinua juu ili kina mama wote wakione.

"Na vumbi hili nalo limetoka pwani?"

Zuleha, muuguzi kijana aliyeletwa kutoka Tanga miezi mitano nyuma, alikuwa ameshika beseni la sindano zilizochemshwa. Mwili ulimchemka kwa homa. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, ya tisa mfululizo, na badala ya kwenda kulala alikuwa ameamriwa kufua upya mipira ya kutandikia vitanda.

"Metroni, naumwa. Naomba nikapumzike walau kidogo."

"Naomba nikapumzikeee," Immakulata akamwiga, akiyavuta maneno. "Piga magoti uombe vizuri, wagonjwa wakusikie."

Esteri, mkunga msaidizi, alikuwa ndiyo kwanza ameingia zamu. Akajitia anatandika kitanda. Ndivyo alivyofanya siku zote. Mwezi ule wa kwanza, Metroni alipoiga sauti ya Zuleha wakati wa chai, Esteri alicheka pamoja na wenzake, kwa kuwa aliyecheka hakuguswa.

Zuleha hakupiga magoti. Aliweka beseni mezani, akamfuata Esteri, akamwonyesha mama mmoja wa kijiji cha Heru Juu aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. "Njia imefunguka vidole vitatu. Mapigo ya mtoto mazuri. Uji amekunywa." Kisha akavua kofia na aproni, akavikunja, akatoka.

Mtoto alizaliwa saa tano, akilia kwa nguvu zake zote. Saa saba Esteri akaitwa ofisini.

Bwana Theonest, mganga msaidizi aliyekisimamia kituo kile cha afya nje kidogo ya Kasulu, alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa. Metroni alikaa pembeni yake. Karatasi ilisema Zuleha alimtelekeza mzazi kitandani akatoroka kazini. Chini palikuwa na jina la Esteri: shahidi.

"Tia saini hapo, mama, niiwahishe wilayani."

"Mbona hakumtelekeza? Alinikabidhi mimi."

"Esteri, usitafute makubwa," Metroni alisema. "Mimi nikiwa mwanafunzi nilichapwa vidole kwa rula mpaka vikavimba. Nililia, nikajifunza kazi. Hawa wa siku hizi wanataka kubembelezwa."

"Karatasi hii ikifika huko, binti hataajiriwa popote."

"Hilo ni lake," Theonest akadakia. "Lako ni jingine. Kuna zahanati huko ndani Kibondo haina mkunga. Na mumeo na watoto wako Nyakitonto, siyo? Sikutishi. Nakukumbusha tu."

Esteri aliitazama karatasi. Tangu wahamishiwe kijiji kipya, mumewe alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuezeka nyumba, na kila Jumamosi yeye huenda kwa miguu kuwaona wanawe. Akawakumbuka wauguzi waliomtangulia Zuleha: Shamsia, aliyeondoka bila kuaga, na Josephina, aliyekuwa akijifungia stoo ya mashuka kulia, mpaka akaacha uuguzi akarudi kwao kulima maharage. Wote wawili alikuwa amewaona. Hakuwatetea.

"Naomba karatasi mbili na kaboni."

"Za nini?"

"Ushahidi wangu nitauandika mwenyewe."

Aliandika akiwa amesimama, kwa herufi kubwa kubwa: usiku tisa, homa, magoti, mzazi aliyekabidhiwa. Akaongeza majina ya wale wawili. Theonest aliposoma, alivuta droo akaitumbukiza ndani.

"Hii haitoki hapa."

"Najua," Esteri alisema. Nakala ilikuwa tayari ndani ya gauni lake la kazi.

Alimkuta Zuleha mbele ya duka la Athuman, amekaa juu ya sanduku la bati, amejifunga khanga mbili kwa baridi ya homa, akisubiri lori la Kigoma. Akampa karatasi.

"Popote utakapoomba kazi, waonyeshe."

Zuleha aliisoma mara mbili. "Miezi mitano, Dada Esteri. Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Siku ile ya chai ulicheka. Nilikuona."

"Nilicheka," Esteri alisema.

Zuleha akaikunja karatasi, akaipachika kifuani. Hakushukuru. Lori lilipoondoka Esteri alisubiri apungiwe mkono, hakupungiwa.

Kituoni alikuta ratiba mpya ya zamu ukutani. Jina lake lilijaa zamu zote za usiku mpaka mwisho wa mwezi. Theonest akamwita dirishani, akampa bahasha isiyofungwa bado.

"Ipeleke posta kabla hawajafunga."

Esteri akaitoa barua. *Naomba kuletewa muuguzi mmoja, kijana, mtiifu, mwenye afya njema, kujaza nafasi iliyoachwa wazi kwa sababu binafsi.* Barua ya tatu katika miaka miwili, na maneno yale yale; kutelekeza mzazi hakukutajwa.

"Bwana mganga, hapa pamepungua."

"Pamepungua nini?"

"Hujaandika anakuja kukutana na nani."

"Mama, peleka barua."

"Siipeleki."

Akairudisha dirishani, akageuka kwenda wodini. Kina mama wawili kutoka vijijini walikuwa wameketi kizingitini, mmoja ameushika mgongo, na hapakuwa na muuguzi mwingine wa kuwapokea.