Mama Nice Hajarudi Kwao

Tangu bidhaa ziliporudi madukani na watu wakaruhusiwa kuuza watakacho, Anande alikuwa akikaa kwenye kigoda cha duka lao pale Maji ya Chai, asubuhi hadi jioni. Akanenepa. Mumewe, Solomoni, alifurahi kuona hivyo, kwa kuwa unene wa mke ni sifa ya mume.

Kisha dada yake Anande akafariki, na mwezi uliofuata Anande akaanza kutembea. Alitoka kila alfajiri, akashika barabara ya kuelekea Tengeru, akarudi jua likichomoza. Mkononi hakuwa na kitu.

"Beba hata kikapu," Solomoni alimwomba.

"Nikibeba kikapu kila mtu atanisimamisha aulize nauza nini. Nitatembea saa ngapi?"

Kwao Anande ni Akheri, na Akheri iko upande huo huo wa Tengeru. Mwanamke mzima, mikono mitupu, alfajiri, njia ya kwao: watu wa Maji ya Chai hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Jumapili mchana mzee wa kanisa, Fanuel, akabisha hodi akiwa na mkewe, Mama Oscar.

Walikunywa chai. Fanuel akasifu migomba, akasifu mvua, kisha akakohoa.

"Baba Nice, ndoa ni safari. Hata mimi na huyu tumewahi kukwaruzana."

"Umewahi wewe," Mama Oscar alisema.

"Mzee Fanuel," Solomoni akasema, "nyumba hii haijawahi kupeleka kesi kwa wazee. Nani kashtaki?"

"Hakuna aliyeshtaki. Watu wanaona tu mama anakwenda kwao kila siku, na wewe kila siku unamrudisha. Basi tuseme hivi: atulie nyumbani mwezi mmoja, maneno yapoe."

Lilikuwa jambo rahisi. Solomoni angeitikia tu, na heshima yake ingerudi pale pale mezani. Akamtazama mkewe. Anande alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta kikombe kilichokwisha kukauka. Usiku ule waliporudi kutoka mazikoni alimwambia, "Baba Nice, naogopa." Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikia akisema neno hilo.

"Hatatulia," Solomoni alisema. "Shemeji yangu alikufa kwa saratani ya titi. Huyu anatembea kwa sababu hiyo."

Fanuel akatazama dari. Neno kama lile halikuwahi kutamkwa mbele yake na mwanamume mwenzake, tena siku ya Bwana.

Mama Oscar aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo ukitembea huipati?"

"Nesi aliyemuuguza dada hakusema hivyo," Anande akajibu. "Alisema sisi tuliokwisha koma hedhi, tukikaa tu na kunenepa, hatari inapanda. Tukiutumikisha mwili kila siku, inapungua. Kupungua, siyo kwisha. Na ukigusa ukakuta uvimbe, hapo ni hospitali, siyo barabarani."

"Nami nakaa kwenye cherehani mchana kutwa," Mama Oscar alisema polepole.

Fanuel akashika kofia yake. "Sasa watu wakiniuliza, niwaambie nini?"

"Waambie nilivyokuambia," Solomoni alisema.

"Kwa neno lile?"

"Lile lile. Ukiona zito, waelekeze dukani, nitalisema mwenyewe huku nikiwapimia sukari."

Fanuel akasimama, akaaga, akafika mlangoni. Mkewe hakuinuka.

"Mama Nice, unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu."

"Mapema mno, mwenzangu. Baba Oscar hunywa uji wake saa kumi na mbili."

Fanuel alikuwa bado amewapa mgongo, kofia imeshaingia kichwani.

"Uji," alisema, "naweza kuukoroga."